Jumba la mji la Bruxelles: miaka 600, na watu wanaoana ndani hadi leo

Familia nyingi za Butembo na Beni ziko na mtu wao Ubelgiji. Siku akioa ao akiolewa, picha zinafika kwa WhatsApp siku ileile. Katika picha zingine bibi arusi na bwana arusi wanasimama mbele ya jumba refu la mawe, lenye mnara unaochongoka kama sindano na sanamu ndogo zilizopangwa ukutani. Hapa mukini swali linarudia: hilo ni kanisa gani?

Si kanisa. Ni mairie. Wakaaji wa Bruxelles wanaiita Hôtel de Ville, na iko kwenye kiwanja kikubwa cha katikati ya mji, Grand-Place.

Sababu gani inafanana na kanisa?

Mtindo huo wa kujenga unaitwa gotiki. Ulianza Ufaransa kwenye miaka ya 1140, kwa kanisa la Saint-Denis karibu na Paris. Alama zake si nguvu kutambua: matao ya milango na madirisha yako na ncha juu, si ya mviringo, madirisha ni marefu, na jengo lote linavuta macho kwenda juu. Kwanza ni watu wa kanisa ndio walijenga hivyo. Kisha miji iliyotajirika na biashara ikafanya vilevile. Mfalme alikuwa na ngome yake, askofu alikuwa na kanisa lake kubwa, na wakaaji wa mji nao walitaka nyumba yao, yenye kuonekana toka mbali.

Bruxelles ilianza kujenga upande wa kwanza kwenye mwaka 1402. Upande wa pili ulianza 1444. Mnara uliisha 1455. Unafika metri 96, na juu yake kuna sanamu ya Mtakatifu Mikaeli. Ukiangalia vizuri, mnara hauko katikati, juu pande mbili hazikujengwa wakati mmoja na hazina urefu sawa.

Ndani kunafanyika nini?

Kuna salle ya baraza la mji, kuna salle ya ndoa, na kuna ingine kubwa inaitwa Salle gothique, yenye mbao zilizochongwa, ambamo mji unapokea wageni na kufanya sherehe. Kila miaka miwili, mwezi wa 8, kiwanja cha mbele kinatandikwa zulia la maua, na watu wanapanda kwenye balkoni ya jumba ili kuliona toka juu.

Tarehe 15/7/2018, Ubelgiji ilipotoka Kombe la Dunia na nafasi ya tatu, wachezaji walisimama kwenye balkoni ileile mbele ya watu maelfu. Kati yao kulikuwa Romelu Lukaku na Vincent Kompany, wote wawili wenye asili ya Kongo. Baba ya Kompany, Pierre, alizaliwa Bukavu, na mwaka huohuo alichaguliwa kuongoza komini ya Ganshoren, moja ya komini 19 za Bruxelles.

Nani anaweza kuoana pale?

Watu wengi wanafikiri inatosha kulipa. Sivyo. Sheria ya Ubelgiji inasema ndoa inafanywa kwa komini ambamo mmoja wa wachumba ameandikwa kama mkaaji. Kila moja ya zile komini 19 iko na mairie yake. Kartye ya Matonge, ile Wakongomani wanajua sana, iko katika komini ya Ixelles. Kwa hiyo mwenye kuishi Matonge anaoana Ixelles, haendi Grand-Place. Kwa kuoana Grand-Place, mmoja wao anapashwa kuwa ameandikwa katika komini ya Ville de Bruxelles, tuseme katikati ya mji, Laeken, Haren ao Neder-Over-Heembeek.

Wachumba wanatangaza kwanza ndoa yao kwa komini, kisha wanangoja siku 14 kwa uchache. Siku hizo zikipita, wako na miezi 6 ya kufanya ndoa. Na ndoa inafanywa wazi, mbele ya watu. Haifungiwi chumbani.

Huku kwetu msingi ni uleule. Code de la famille ya mwaka 1987, iliyobadilishwa mwaka 2016, inaomba ndoa ya serikali ifanywe mbele ya afisa wa état civil, pamoja na mashahidi, na mtu aliye na sababu ya sheria anaweza kuipinga. Ndiyo maana wa Butembo wanapitia kwa Bulengera, Kimemi, Mususa ao Vulamba, na wa Beni wanapitia kwa Beu, Bungulu, Mulekera ao Ruwenzori. Salle ya hoteli ao ya parokia ni kwa ajili ya fete. Mwenye kulipa salle mbele ya kumaliza karatasi za komini anaweza kujikuta na chakula tayari, wageni tayari, na tarehe ya ndoa inasogea.

Jumba lililopita katika moto

Mtu anaweza kusema: wale wako na bahati, nyumba yao imedumu juu hawajajua vita. Lakini vita walijua. Mwezi wa 8 mwaka 1695, majeshi ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa yalipiga Bruxelles na mizinga. Jumba la mji liliungua ndani, karatasi za mji zikawa majivu, na picha za mchoraji mkubwa Rogier van der Weyden zikapotea. Kuta na mnara vilibaki. Mji ulijenga tena.

Mfano mwingine unagusa Butembo zaidi, juu Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Katika mji wa Ypres, huko huko Ubelgiji, wauzaji wa vitambaa walikuwa na soko la ndani la gotiki, kati ya majengo makubwa ya biashara ya Ulaya ya wakati ule. Lilimalizika kwenye mwaka 1304. Vita ya kwanza ya dunia ililibomoa, kuanzia moto wa mwezi wa 11 mwaka 1914. Wakaaji waliamua kulirudisha kama lilivyokuwa, na kazi hiyo iliisha mwaka 1967 tu. Walioanza kazi, wengi wao hawakuona mwisho wake. Leo ndani yake kuna musée ya vita ileile.

Ni matumizi ndiyo yanatunza

Nyumba ya zamani isiyotumiwa inavuja bila mtu kujua. Inayotumiwa kila juma, kuna mwenye kuona bati limetoboka ao mlango umeharibika. Lakini kila fete nayo inakula nyumba kidogo: meza zinazoburutwa zinakwaruza chini, misumari ya mapambo inapasua ukuta, mishumaa na nyaya za umeme zilizofungwa ovyo zinaleta moto. Kwa hiyo kupangisha salle ya watu wote kunaomba mambo machache, yawe mawe ya gotiki ao matofali ya Butembo:

– Hesabu ya watu ijulikane na iheshimiwe. Salle ya watu 300 ikiingiza 600, hatari haiko tu kwa viti. Iko kwa mlango siku watu watakimbia.

– Milango ya kutokea ifunguke kuelekea inje, na isizibwe na meza za vinywaji.

– Groupe ya umeme ikae inje, mbali na madirisha, juu moshi wake unaua.

– Bei iandikwe, iwe moja kwa wote wa aina moja, na sehemu ya feza irudi kwa paa, choo na maji.

– Maji ya kunawa mikono yawe kwenye mlango. Butembo na Beni walijifunza hilo na Ebola, iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 na kuisha tarehe 25/6/2020. Ndoo ya maji haifai kuondoka na ugonjwa.

Mahali pa kukutania

Kuna jambo lingine, na si la arusi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 25, inalinda mikutano ya amani bila silaha. Kifungu cha 26 kinahusu maandamano: yale ya barabarani ao mahali pa wazi yanaomba waandalizi wajulishe serikali kwa barua. Lakini tarehe 6/5/2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliingizwa katika état de siège, na ordonnance ya mwezi ule iliwapa viongozi wa kijeshi nguvu ya kukataza mikutano waliyoona inaharibu usalama. Kwa hiyo waandalizi wa mkutano, hata wa ndani ya salle, wafanye vizuri kupeleka barua mapema na kubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.

Hiyo ndiyo sababu salle ya mji ina maana kuliko muziki na keki. Wafiwa, vijana, wamama wa soko na wanafunzi wako na haja ya mahali penye paa ambapo wanaweza kuongea bila kuwa wageni wa hoteli fulani ao wa kanisa fulani.

Kwa anayetafuta salle juma hili, aombe karatasi mbili mbele ya kutoa caution. Ya kwanza ni mkataba wenye tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na bei. Ya pili ni état des lieux: viti ngapi, vioo vipi vimepasuka, taa gani haziwake. Pande zote mbili ziweke saini, na kila mmoja abaki na yake. Caution nyingi hazirudi juu karatasi hiyo ya pili haikuandikwa.