Jina Mdomoni, Ufagio Mkononi: Utangulizi wa Elimu ya Bhakti

Kabla sijakufungulia kitabu chochote, nataka uangalie mkono. Ni alfajiri, saa kumi na nusu hivi, na mzee mmoja ameketi sakafuni akiegemea nguzo ya hekalu. Mkono wake wa kulia umezama ndani ya mfuko wa kitambaa unaoning'inia shingoni. Kidole cha shahada peke yake kimetokeza nje kupitia tundu dogo. Midomo inacheza. Ndani ya mfuko, dole gumba na kidole cha kati vinavuta shanga moja baada ya nyingine. Shanga hizo ni 108, zimechongwa kwa mti wa tulasi, ndugu wa mrehani na kivumbasi. Kwa kila shanga anatamka wito mmoja wa maneno 16, nao wote umejengwa kwa majina matatu tu, Hare, Krishna na Rama, yanayopokezana mpaka silabi zinatimia 32. Akifika kwenye shanga kubwa iliyo kichwa cha tasbihi, haivuki. Anaigeuza tasbihi na kurudi alikotoka.

Hii ndiyo japa. Wafuasi waliopokelewa rasmi katika mkondo wa mwalimu Bhaktivedanta Swami Prabhupada huahidi mizunguko 16 kila siku, yaani wito ule mara 1,728, kazi ya kama saa mbili kwa aliyezoea. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana, kwani tuna neno letu: kuvuta uradi. Mkatoliki naye anaijua rozari. Kwa hiyo huingii katika elimu hii ukiwa mgeni kabisa, na hilo lanifurahisha kila ninapompokea mwanafunzi mpya. Ila kufanana kwa tasbihi si kufanana kwa imani. Swali litakalotuongoza ni hili: huyu anayeita jina, anafanya nini hasa?

Tuanze na maneno, maana hapa maneno yanapotosha upesi. Mhindi ni mtu wa asili ya India, naye aweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Mjaini au Singasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, na aweza kuwa Mnepali au Mghana. Na bhakti? Neno hili limetoka kwenye mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kugawana na kushiriki, na humo humo ndimo ilimotoka bhajan, wimbo wa ibada. Wengi hulitafsiri kuwa mapenzi ya Mungu, na si kosa. Mimi napendelea ibada, kwa sababu neno letu limebeba ndani yake kitu ambacho mapenzi hayakibebi. Ibada imetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa jina Abdalla, mtumwa wa Mungu. Sasa tazama majina ya washairi na watawa wa bhakti: Tulsidas, Surdas, Haridas. Das ni mtumishi. Haridas ni mtumishi wa Hari, jina mojawapo la Mungu Vishnu. Abdalla na Haridas wamepewa majina na wazazi au walimu waliowaza jambo moja.

Historia yenyewe ni ndefu, nami nitaipita haraka. Katika nchi ya Watamil, kusini mwa India, baina ya karne ya 6 na ya 9, walitokea watakatifu 12 waitwao Alvar, walioimba katika lugha ya nyumbani badala ya Kisanskriti cha makuhani. Baadaye vuguvugu hilo likaenea kaskazini: Namdev na Tukaram kwa Wamarathi, Narsinh Mehta kwa Wagujarati, Mirabai huko Rajasthan. Kitabu ambacho huwezi kukikwepa ni Bhagavata Purana. Ndani yake mtoto Prahlada anataja njia tisa za bhakti: kusikia, kuimba, kukumbuka, kuihudumia miguu ya Bwana, kuabudu mbele ya sanamu, kusujudu, kuwa mtumishi, kuwa rafiki, na kujitoa nafsi yote. Angalia ya kwanza ni ipi. Ni kusikia. Sikio limetangulizwa mbele ya mdomo, na mvuta japa hufundishwa ajisikilize kila silabi anayoitamka.

Kitabu hicho hicho kina kisa ambacho wanafunzi wangu hukibishania kuliko vingine vyote. Ajamila alikuwa Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, aliyemwacha mkewe kwa ajili ya mwanamke mwingine, akaishi kwa wizi na udanganyifu mpaka uzeeni. Alikuwa na wana kumi, na mdogo wao, kipenzi chake, aliitwa Narayana. Siku ya kufa, akiwa na miaka 88, aliwaona wajumbe wa mauti wakimjia na kamba, akapaza sauti kwa hofu kumwita mwanawe. Lakini Narayana ni jina la Mungu pia. Wajumbe wa Vishnu wakafika papo hapo na kuwazuia wale wa mauti.

Je, ni haki hiyo? Mtu hakukusudia kumwita Mungu! Wanateolojia wa bhakti wamelishika swali hili kwa uzito. Jibu la shule ya Bengal ni kwamba Jina na mwenye Jina si vitu viwili. Neno maji halikati kiu, lakini jina la Krishna ni Krishna mwenyewe akiwa katika umbo la sauti. Hata hivyo shule hiyo hiyo imeorodhesha makosa kumi dhidi ya Jina, na mojawapo ni kutenda dhambi kwa kutegemea kwamba Jina litaifuta. Tena wasomaji wengi husahau sehemu ya pili ya kisa: Ajamila hakufa siku ile. Aliyasikia mabishano ya wajumbe, akaona aibu, akaondoka nyumbani kwenda ukingoni mwa mto Ganges kuanza ibada ya kweli. Wito ule wa bahati ulimfungulia kazi.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Wageni wa elimu hii huigawa mara mbili: upande mmoja uradi, kazi ya mdomo na roho, na upande wa pili utumishi wa hekalu, kazi ya mikono, ambayo huwaachia watu wa etnografia. Mgawanyo huo unavunjika mara tu unapomsoma Chaitanya, mwasisi wa shule hiyo ya Bengal.

Alizaliwa Navadvip, Bengal, mwaka 1486. Akiwa kijana wa miaka 24 aliukana ulimwengu, akahamia Puri, mji wa ufukweni wenye hekalu kubwa la Jagannath, na huko akamalizia maisha yake. Ndiye aliyeitoa kirtan barabarani: umati, ngoma ya udongo yenye nyuso mbili, matoazi, jina la Mungu likiimbwa na kuitikiwa. Rafiki yake Haridas, aliyelelewa katika nyumba ya Waislamu, hakuruhusiwa kuingia katika hekalu la Puri. Mapokeo yanasema alitaja Jina mara 300,000 kwa siku, na leo anaheshimiwa kama mwalimu wa Jina.

Chaitanya Charitamrita, kitabu cha Kibengali alichokiandika Krishnadasa Kaviraja, kinasimulia siku moja kabla ya sikukuu ya magari huko Puri. Kila mwaka sanamu za Jagannath, kaka yake na dada yao huvutwa kwa magari makubwa ya mbao hadi hekalu la Gundicha, mwendo wa kilometa tatu hivi. Siku ile Chaitanya aliwachukua wafuasi wake mamia, akawapa mifagio na mitungi, wakaenda kulisafisha hekalu. Alifagia mwenyewe. Alimwambia kila mtu aweke taka zake upande, ili yeye apime nani amefanya kazi zaidi, na fungu lake likawa kubwa kuliko yote. Kisha wakateka maji. Mitungi iligongana ikavunjika, ikaletwa mingine. Na wote hao walikuwa na neno moja tu. Aliyetaka mtungi alisema Krishna, aliyempa mtungi alijibu Krishna. Jina likawa ndilo lugha ya kazini.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na bado sioni mahali pa kupitisha kisu kati ya uradi na ufagio.

Puri yenyewe inalishika hilo hadi leo. Siku ya sikukuu, mrithi wa wafalme wa Puri hupanda kwenye magari na kufagia mbele ya miungu kwa ufagio wa mpini wa dhahabu. Jikoni mwa hekalu, chakula hupikwa kwa moto wa kuni katika vyungu vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mpishi haonji. Anayekula kwanza ni Jagannath, na kinachorudi kinaitwa prasada, yaani fadhila, na watu wa matabaka mbalimbali hukila pamoja.

Rupa Goswami, aliyekuwa ofisa katika utawala wa Sultani Husain Shah wa Bengal kabla ya kumfuata Chaitanya, aliyapangia haya yote nadharia katika kitabu chake cha Kisanskriti cha mwaka 1541. Utakisoma muhula wa pili. Ni kigumu, na kinastahili uvumilivu. Kwa sasa inatosha ujue kwamba anatofautisha ibada inayofanywa kwa kufuata kanuni na ile inayobubujika kwa shauku, na kwamba haiachi ya kwanza idharauliwe.

Mkondo wa Prabhupada, unaomfuata Chaitanya, ulivuka bahari mwaka 1965, alipopanda meli ya mizigo Jaladuta kutoka Calcutta kwenda Marekani, akikaribia miaka 69. Mwaka uliofuata aliandikisha jumuiya yake New York, na mwaka 1971 alifika Mombasa na Nairobi. Lakini Afrika Mashariki haikumsubiri yeye ili isikie jina la Krishna. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wameleta bhajan zao Zanzibar na Mombasa zamani, na mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, wapita njia wengi huyajua kwa kengele zake.

Basi nenda. Nenda jioni, wakati wa arati, vua viatu mlangoni, kaa nyuma. Utasikia kome la baharini likipulizwa, utaona taa ya samli ikizungushwa mbele ya sanamu, kisha ikipitishwa kwa watu, kila mmoja akiufikia moto kwa viganja na kujigusa paji la uso. Ukipewa prasada, pokea kwa mkono wa kulia kama ulivyofunzwa nyumbani. Weka daftari mfukoni. Wimbo ukiisha na watu wakaanza kutafuta viatu vyao, usiondoke nao. Ngoja mpaka abaki yule anayekunja mikeka na kufagia maua yaliyoanguka. Tazama midomo yake. Huyo ndiye wa kuongea naye kwanza.