Maji Meusi ya Bangka: Uhifadhi wa Parosphromenus deissneri Kati ya Bati na Michikichi

Makala haya yanaeleza kwa nini uhifadhi wa Parosphromenus deissneri, samaki wa maji baridi ambaye makazi yake ya asili ni kisiwa cha Bangka, Indonesia, hauna budi kuanzia kwenye maji yenyewe. Samaki huyu mdogo, mwenye urefu wa sentimita chache tu, alielezwa kisayansi na Pieter Bleeker mwaka 1859. Baadaye jina lake lilitumiwa ovyo kwa jamaa zake wa maeneo mengine, hadi Maurice Kottelat na Peter Ng walipomfafanua upya mwaka 1998 na kumtenga na Parosphromenus bintan, anayepatikana pia Bangka. Utambuzi huo una uzito, kwa kuwa jina lililoenea kotekote humfanya kiumbe adimu aonekane wa kawaida.

Samaki huyu huishi katika vijito vya taratibu vya misitu ya kinamasi. Majani yaozayo huyapa maji hayo weusi wa chai ya rangi na uasidi mkali. Dume hujenga kiota cha mapovu mahali palipositirika, kisha huyalinda mayai.

Uchimbaji wa bati, ulioanza kisiwani humo katika karne ya 18, na kilimo cha michikichi huuvuruga mfumo huu kwa njia mbili. Wachimbaji huondoa uoto na udongo wa juu, kisha huosha mchanga kwa maji mengi. Tope linalotiririka hufukia majani na kuziba maficho. Mashimo yanayobaki, yaitwayo kolong, hujaa maji, lakini hayana kivuli wala mkondo. Mashamba nayo huchimbiwa mifereji inayokausha kinamasi, huku mbolea ikibadili kemia ya maji yaliyosalia.

Wafugaji wa samaki wa mapambo huweza kuokoa nasaba, mradi kila kundi litunzwe kwa kufuata kijito lilikotoka. Hata hivyo, tangi haliokoi makazi. Kinachostahili kulindwa ni kijito kizima pamoja na msitu wake, kuanzia chanzo, kwa sababu tope la juu hufika chini hata penye hifadhi. Hivyo, uchunguzi wa vijito unapaswa kutangulia utoaji wa vibali. Ukifuata baadaye, utaorodhesha kilichokwisha kupotea.