Je, Wajua? Wastani Hupigwa Ndani ya Mabano

Je, wajua kwamba hifadhidata hukataa ukiiuliza moja kwa moja, "Ni kaunti zipi zenye watu wengi kuliko wastani"? Andika WHERE watu > AVG(watu) na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, itakurudishia kosa. WHERE hupima safu moja moja, ilhali wastani hauwezi kujulikana kabla safu zote hazijasomwa. Dawa yake ni swali ndani ya swali:

SELECT kaunti FROM sensa
WHERE watu > (SELECT AVG(watu) FROM sensa);

Mabano hufanyiwa kazi kwanza. Kwa sensa ya Kenya ya 2019, watu 47,564,296 kwa kaunti 47, yanatoa takriban 1,012,006. Machakos, yenye watu 1,421,932, inapita.

Sasa teremka hadi Kinanie, wadi iliyo katika eneobunge la Mavoko, humo humo Machakos. Kuilinganisha na wastani wa wadi zote za Kenya hakumfai sana mpangaji wa maji au zahanati. Kinachofaa ni kuipima na jirani zake: Athi River, Muthwani na Syokimau/Mlolongo. Hapo swali la ndani hufungwa kwa la nje, w2.eneobunge = w1.eneobunge (w1 ni jedwali la wadi katika swali la nje, w2 ni lilo hilo katika swali la ndani), na kila wadi hupata wastani wa kwao. Huu ndio uzuri hasa wa mbinu hii.

Tahadhari: AVG huruka NULL. Wadi isiyojazwa takwimu haihesabiwi kuwa sifuri, haihesabiwi kabisa, na wastani husogea.