Afande, PIN ni Yako: Pesa za Simu kwa Familia za Wanajeshi Kibera Wakati wa Korona

Oktoba 2020 tulikuwa Soweto East, Kibera, tukiongea na wateja nje ya duka la wakala mmoja. Barakoa usoni, ndoo ya maji na sabuni kando, watu wamesimama mbalimbali kama tulivyoagizwa. Mzee mmoja akapita foleni yote hadi mbele. Hakuna aliyelalamika. Vijana wa bodaboda wanamwita Afande, na hilo ndilo jina tutakalotumia hapa.

Alitupa simu yake mkononi. "Nyinyi ndio wenye pesa ya simu, si ndio? Sawa. Niambieni hili deni nilikopa lini."

Tukaangalia. Kulikuwa na mkopo wa shilingi 2,500 uliochukuliwa Agosti kwa laini yake, na haukuwa umelipwa. PIN iliyotumika ilikuwa sahihi. Tukamuuliza nani mwingine anaijua. Akafikiria kidogo, kisha akahesabu kwa vidole: mjukuu wake, msichana aliyekuwa akifanya kazi pale dukani kabla ya korona, na jirani mmoja aliyewahi kumsaidia kutoa pesa wakati goti lilimlemea.

Watu watatu. Na pensheni ni moja.

Makala hii tunawaandikia kina Afande wote, na wake, waume, wajane na watoto wa wanajeshi wanaoishi Kibera, Kawangware na mitaa ya karibu. Kama hakuna mwanajeshi kwenu pia soma, kwa sababu shida hii haivai sare.

Kibera ilianza na wanajeshi

Wengi wetu tunaijua Kibera ya leo tu. Lakini mwaka 1904 eneo hili lilitengwa kwa ajili ya King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Wanubi waliotumika katika jeshi hilo walikaa hapa na familia zao badala ya kupewa pensheni ya maana. Jina lenyewe linatokana na neno lao la msitu. Ilichukua hadi Juni 2017 ndipo jamii hiyo ikapewa hati ya pamoja ya ekari 288.

Kwa hivyo familia ya askari inayosubiri haki yake si jambo geni Kibera. Kilichobadilika ni njia ambayo pesa inafika, au inapotelea.

Afande si Mnubi. Aliingia jeshi la Kenya miaka ya 1960 na alikuwa kaskazini wakati wa vita vya Shifta. Anaishi na mjukuu wake wa kidato cha pili, kwa sababu mama ya kijana anafanya kazi Mombasa.

Machi ilipofika

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Matatu zikapunguza abiria na nauli ikapanda.

Pensheni ya Afande huingia benki. Kabla ya hapo, kila mwezi alikuwa akivaa koti lake zuri, anapanda matatu hadi tauni, anatoa pesa, anapita kando ya sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue na kurudi nyumbani na unga na sukari. Ghafla safari hiyo ikawa hatari. Mzee wa zaidi ya miaka 70 ndani ya matatu, halafu foleni ya benki? Binti yake alipiga simu kutoka Mombasa akamwambia, "Baba, usitoke. Mpe kijana simu akufanyie kila kitu."

Ushauri ulitoka kwa upendo. Lakini ndani ya hiyo "kila kitu" kulikuwa na PIN.

Na sisi tuna lawama yetu. Miezi ile tuliwatumia wateja ujumbe mwingi wa kuwaambia watumie simu badala ya pesa taslimu. Hatukusema vya kutosha kuhusu mtu ambaye hajawahi kuitumia simu yake peke yake. Tulimhamisha mzee kutoka foleni ya benki hadi mkononi mwa mtu mwingine, tukadhani tumemsaidia.

Msaada upi ni wako?

Matapeli wanapenda mtu asiyejua anachostahili kupata. Kwa hivyo tuanze hapo.

*Kwanza, gharama zilizopunguzwa.* Machi 16, 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakungetozwa, na kuhamisha pesa kati ya benki na simu pia kungekuwa bure. Kiwango cha kutuma mara moja kilipanda hadi shilingi 150,000, na simu iliweza kubeba hadi 300,000. Mpango huu uliongezwa muda hadi Desemba 31, 2020. Maana yake, wakati huo ulipomtumia shosho 3,000 kwa mafungu matatu ya 1,000, hukutozwa. Lakini kutoa pesa kwa wakala bado kuna ada. Kama duka linapokea malipo ya simu, lipa moja kwa moja.

*Pili, Inua Jamii.* Wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka serikalini. Anayepokea pensheni hayumo kwenye mpango huu. Afande alikuwa amepigiwa simu na mtu akimtaka atume 800 "ya kufungua faili ya Inua Jamii". Angejua kwamba pensheni yake inamtoa kwenye orodha, angekata simu mapema. Lakini kama ulitumikia jeshi ukatoka bila pensheni, na umefika miaka hiyo, muulize chifu wako kuhusu usajili.

*Tatu, Kazi Mtaani.* Mwaka 2020 vijana waliosajiliwa walisafisha mitaro na kufungua njia mtaani, na malipo yao yalikuja kwa simu. Kibera ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza. Kijana ambaye laini yake ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine alihangaika siku ya malipo. Sajili laini kwa kitambulisho chako.

*Nne, vyama vya wanajeshi wa zamani.* DEFOCA ndicho chama cha waliotumikia majeshi ya Kenya. Kwa wazee wachache waliobaki wa enzi za King's African Rifles, na wajane wao, Uingereza ilitangaza mwaka 2018 pauni milioni 11.8 kwa maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola, kupitia Royal Commonwealth Ex-Services League. Kama una babu au nyanya wa namna hiyo kijijini, uliza kupitia chama. Usilipe mtu wa njiani akuulizie.

*Tano, huduma za jiji.* Kuanzia Machi 2020 hadi 2022, huduma muhimu za Nairobi zilikuwa chini ya Nairobi Metropolitan Services, iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi. Ilichimba visima mitaa ya mabanda, Kibera ikiwemo. Maji ya visima hivyo vya umma ni ya wananchi. Ukiambiwa utume pesa kwa simu ili "usajiliwe kuteka maji", usitume kabla ya kuuliza ofisi ya chifu.

Kwa nini simu bado ina maana

Kuna mteja aliyetuuliza, "Kama simu ina matapeli hivi, si heri msaada uletwe kwa mkono?" Swali zuri. Aprili 10 watu wa Kibera walikanyagana wakigombania chakula cha msaada kwenye ofisi ya serikali, na polisi wakarusha vitoa machozi. Walioumia walikuwa wametoka nyumbani kutafuta unga tu.

Pesa inayoingia kwa simu haina mlango wa kusukumana. Mama anaipokea akiwa kitandani, na jirani hajui. Hiyo heshima ndogo ni kubwa. Lakini itakuwa yake tu kama simu na PIN ni vyake.

Familia ya aliye kazini

Tuliongea pia na mama mwenye watoto wawili ambaye mume wake alikuwa Somalia na kikosi cha AMISOM. Wanajeshi wa Kenya walivuka mpaka Oktoba 2011, na kuna watoto Kibera ambao hawajui maisha bila baba "kuwa kazi". Mume wake alikuwa akipiga simu akipata nafasi. Wakati mwingine wiki mbili zilipita bila neno.

Pesa yote ya nyumba ilikuwa kwa laini ya mume. Laini hiyo ilikuwa kwenye simu ambayo mume aliiacha nyumbani, na mama ndiye aliyekuwa akiitumia. Tukamuuliza, ikitokea jambo, itakuwaje? Alikaa kimya, kisha akasema, "Hayo maneno sisi hatuyasemi."

Tunaelewa. Nyumba ya mwanajeshi ina mambo ambayo hayatajwi. Lakini Januari 15, 2016, baada ya shambulio la El Adde, familia nyingi za Kenya zililazimika kuyasema yote siku moja, katikati ya kilio. Kuzungumza mapema si kumwombea mtu mabaya. Tunapendekeza hivi:

1. Kila mtu awe na laini yake, kwa jina lake. Aliye kazini atume pesa ya nyumba kwenye laini ya aliye nyumbani.
2. Pesa ya kodi na ya karo isikae pamoja na ya matumizi. Itenge mara tu inapoingia.
3. Andikeni kwenye karatasi akaunti zilizopo, mikopo iliyopo na chama mnachochangia. Usiandike PIN hapo.
4. Mwenye laini akifariki, usiendelee kutumia PIN yake, hata kama unaijua. Nenda kwa kampuni ya simu na cheti cha kifo, kitambulisho chako na barua ya chifu, uelekezwe hatua zinazofuata. Ukitoa pesa kimya kimya, unaweza kuzua ugomvi na wakwe wakati unawahitaji zaidi.

Tulichofanya na Afande

Tulimwita mjukuu. Alikuja akiangalia chini. Hakukana. Shule zilipofungwa, walimu walikuwa wakituma kazi kwa WhatsApp, na alihitaji bando. Alikopa. "Na zingine?" Afande akauliza. Zingine, alisema, aliwekea mpira kamari akitumaini kulipa deni kabla babu hajajua.

Tulidhani mzee atafoka. Badala yake alituuliza sisi, "Huyu angeniomba bando, ningejua bando ni nini?" Kisha akamgeukia kijana. "Jeshini tukiwa zamu usiku, kuna neno la siri. Asiyelijua hapiti. Na wewe ukilitoa kwa rafiki yako, umeuza kambi nzima. Mimi ndiye nililitoa. Kosa la kwanza ni langu."

Tukakaa naye dakika arobaini. Alibadilisha PIN mwenyewe, mgongo wake umetugeukia sote, pamoja na mjukuu. Akajifunza mambo manne, na ndiyo tunayokuachia:

Angalia salio mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya chai. Ukizoea kuiona namba, utagundua ikibadilika.

Soma jina kabla ya PIN. Mtu akikusaidia kubonyeza, mwache afike hadi jina la anayetumiwa. Hapo chukua simu, soma jina, weka PIN mwenyewe.

Aliyekupigia asikuongoze. Hakuna ofisi ya pensheni, benki wala kampuni yetu inayohitaji PIN yako. Hakuna msaada wa serikali unaoanza na wewe kutuma pesa. Kata simu, kisha piga wewe namba rasmi unayoijua.

Simu ikipotea au laini ikizima ghafla, usingoje kesho. Azima simu ya jirani, tupigie tuifunge. Laini kuzima bila sababu inaweza kuwa mtu amesajili namba yako kwingine.

Deni bado lipo. Mjukuu amekubali kumlipa babu yake kidogo kidogo kwa kumchotea maji mzee jirani na kuuza mitumba na rafiki zake Jumamosi. Binti wa Mombasa sasa hutuma 1,000 ya bando kando, akisema waziwazi ni ya nini. Desemba 31, 2020 mpango wa kutuma hadi 1,000 bila kutozwa ulifika mwisho wake, kwa hivyo kaeni kama familia mpange jinsi mtakavyotuma.

Tulipokuwa tukifunga meza, Afande alirudi. Tukadhani amesahau PIN.

"Hapana," akasema. "Nimekuja kuwaonyesha." Akafungua simu, akaangalia salio peke yake, akaifunga. Hakutuonyesha namba. Akaenda zake.