Je, Wajua? Katika mbio za tiara, mkono wa kulia ndio wenye njia

Mbio za ubao unaovutwa na tiara ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Zilifanyika Marseille, Ufaransa, na dhahabu zikaenda kwa Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria.

Wanamichezo hawa hupita kilomita 60 kwa saa, hivyo kanuni ya njia ni suala la uhai. Wakikutana wanatoka pande tofauti, aliyetanguliza mkono wa kulia hupewa njia. Wa kushoto humpisha. Wakielekea upande mmoja, aliye upande upepo unakotoka humpisha mwenzake, na kwa desturi huinua tiara yake juu huku mwenzake akiishusha yake. Nyuzi zikinasana, zinaweza kukata nyama.

Ndiyo maana kofia ngumu na fulana ya kukinga kifua ni vya lazima. Kifaa ninachokithamini zaidi ni kifungulio kilicho mbele ya kiuno: kikisukumwa, tiara hupoteza nguvu mara moja, ikabaki imeshikwa na uzi mmoja tu.