Sindano za Kichina na Moksa: Maradhi Gani Hutibiwa?

Maumivu ndiyo yanayowapeleka watu wengi kwenye sindano za Kichina, yaani akupancha. Mgongo, shingo, bega lililokakamaa, goti lililosagika na kipandauso vinatosha kumshughulisha tabibu kutwa nzima. Sindano zenyewe si zile za hospitali: hazina tundu wala dawa, na unene wake ni kama robo ya milimita. Huchomwa kwenye sehemu maalumu za mwili, 361 kwa hesabu ya kawaida, na kuachwa hapo dakika 20 hadi 30.

Moksa huenda sambamba nazo. Majani ya mmea wa jamii ya pakanga hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa hadi zibaki nyuzi laini mithili ya pamba, kisha huviringishwa ndani ya karatasi. Ncha huwashwa na kushikwa sentimita 2 au 3 juu ya ngozi mpaka mahali hapo pawe pekundu. Wengine hutanguliza kipande cha tangawizi na kuwasha fundo dogo la moksa juu yake. Matabibu wa Kichina huutumia moto huo kwa maradhi wanayoyaita ya baridi: tumbo la kuharisha kila mara, maumivu ya hedhi, viungo vinavyouma zaidi hali ya hewa inapobadilika.

Mwaka 2010 UNESCO iliziingiza tiba hizi mbili katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Urithi, hata hivyo, si ushahidi wa kupona.

Kwa maumivu ya mgongo, ushahidi upo, ila una kitendawili. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 uligawa wagonjwa 1,162 katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juu juu, tena mahali pasipo penyewe, walikuwa asilimia 44.2, na waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida asilimia 27.4. Kwa hiyo sindano ilisaidia, lakini mahali pa kuichoma hapakuleta tofauti kubwa. Hapo ndipo wanasayansi wanapobishana hadi leo. Uingereza, kwa mfano, inaikubali akupancha kwa kuzuia kipandauso, lakini mwaka 2016 iliiondoa katika mwongozo wake wa maumivu ya kiuno.

Kichefuchefu baada ya upasuaji nacho kimechunguzwa sana, na matokeo yanatia moyo. Sehemu inayotumika iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu juu ya kifundo, katikati ya kano mbili. Hata kuibonyeza tu kwa kidole husaidia baadhi ya watu.

Moksa ina sifa yake kwa mtoto aliyetanguliza makalio tumboni. Huchomwa kando ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu wa mama, mimba ikiwa na wiki 33 hivi. Utafiti wa Jiangxi, China, wa mwaka 1998 ulionyesha watoto wengi zaidi wakigeuka. Tafiti za baadaye hazikukubaliana nao zote. Kupooza baada ya kiharusi, uso kwenda upande na kukosa usingizi hutibiwa vilevile, lakini ushahidi wake ni dhaifu zaidi.

Malaria, kisukari, saratani na kifua kikuu havitibiwi kwa sindano hizi. Anayeahidi hivyo akimbiwe. Zipo pia hatari: sindano ya kifuani ikizama mno hutoboa pafu, iliyotumika kwa mwingine huambukiza homa ya ini, na moshi wa moksa huwasumbua wenye pumu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito pia, waanze kwa daktari wao. Na kila mgonjwa ahakikishe pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yake.