Fahamu: Mtoto mchanga alale wapi?

Wajawazito wengi wenye asili ya Afrika wanaoishi Laeken, Brussels, wamekulia kwenye desturi ya mtoto kulala ubavuni mwa mama. Nchini Ubelgiji, ONE na Kind en Gezin, mashirika ya huduma kwa watoto na familia, hushauri vingine: mtoto alazwe chali, kwenye kitanda chake, na kwa miezi 6 ya kwanza kitanda hicho kiwe chumbani mwa wazazi.

Hoja ya akina mama wanaotaka kulala na mtoto ni nzito, kwani kunyonyesha usiku kunachosha. Lakini kwenye kitanda cha wazazi, mito, blanketi nzito na godoro laini huweza kumziba mtoto pumzi. Marekani ilianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga vikapungua sana.

Mama, ukishanyonyesha, mrudishe mtoto kitandani kwake kabla hujapitiwa na usingizi. Kwenye kochi, usilale naye kamwe.